Gari la turbo lililobadilishwa bomba la hewa: kusoma dalili kabla ya kulaumu turbo

Gari lenye turbo likianza kutoa moshi mweusi, kuzimika kwenye mzunguko wa barabara au kukosa nguvu majuma machache baada ya kufungwa bomba jipya la hewa, kauli ya kwanza inayosikika katika gereji nyingi hapa Malindi ni kwamba turbo imekufa. Mara nyingi turbo ni nzima. Kilichoharibika ni hesabu: hewa inayoingia kwenye silinda si ile ambayo kompyuta ya gari inaamini imeingia, na kwa kuwa mafuta hupimwa kulingana na hewa, mafuta nayo huwa mengi mno au haba mno. Nimeona watu wakinunua turbo mbili mfululizo kwa sababu ya mpira uliopasuka ukubwa wa ukucha, na hasara hiyo inaniuma kila nikiikumbuka, maana dalili zote zilikuwa wazi tangu siku ya kwanza.

Maelezo haya yanahusu hasa magari ya petroli yenye sensa ya hewa, ile ambayo mafundi wengi huiita eaflo, kwa kuwa ndiyo yanayosumbuliwa zaidi na mabadiliko ya bomba. Magari yanayokadiria hewa kwa sensa ya shinikizo iliyo kwenye manifoldi yana tabia tofauti kidogo, nami nitaitaja panapohusika.

Njia ya hewa na sehemu zake tatu

Hewa huingia kupitia filta, ikapita kwenye sensa inayoihesabu, ikafuata bomba hadi kwenye feni ya turbo inayoishindilia, ikapoozwa ndani ya intakula, ikafika kwenye throtoli, yaani mlango unaofunguka unapokanyaga mafuta, na hatimaye ikagawanywa na manifoldi kwenda kwenye silinda. Kompyuta huihesabu hewa mara moja tu, pale kwenye sensa. Kuanzia hapo huamini kwamba kila kilichohesabiwa kitafika kwenye silinda na kwamba hakuna kingine kitakachoongezeka njiani. Bomba lililobadilishwa vibaya huvunja imani hiyo, na jinsi linavyoivunja hutegemea tundu liko sehemu gani.

Sehemu ya kwanza ni kati ya sensa na turbo. Hapa daima kuna mvuto: turbo inavuta, kwa hiyo tundu lolote huingiza hewa ambayo haikuhesabiwa. Injini hupata hewa nyingi kuliko mafuta, na kwa kuwa mvuto huongezeka pamoja na mwendo wa hewa, upungufu wa mafuta hubaki karibu kiwango kilekile iwe gari limesimama au linakwenda kasi. Sehemu ya pili ni kati ya turbo na throtoli. Injini inaponguruma taratibu hakuna shinikizo la maana hapa, hivyo gari huonekana zima kabisa. Lakini turbo ikianza kusukuma, hewa iliyokwisha kuhesabiwa hutoroka, mafuta yake yanabaki, na moshi mweusi unatoka nyuma. Sehemu ya tatu ni baada ya throtoli, na hiyo ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa sababu tundu moja hutoa dalili mbili zinazopingana. Throtoli ikiwa imefungwa kuna mvuto mkali ndani ya manifoldi, hewa ngeni inaingia na mafuta yanakuwa haba. Turbo ikisukuma, hewa inatoka kupitia tundu lilelile na mafuta yanakuwa mengi.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mwenye gari ni lini hasa gari linaharibika, na kama ni likiwa limesimama, likipanda kasi au nyakati zote mbili. Jibu hilo peke yake huondoa theluthi mbili ya mahali pa kutafuta.

Gari linazimika au linatetemeka likiwa limesimama

Unganisha mashine ya kusomea kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta huzihifadhi, au kile kifaa kidogo kinachozungumza na simu, na usiishie kwenye kodi. Nenda kwenye marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili kuufikisha mchanganyiko kwenye kipimo chake cha kawaida cha sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito. Injini nzima hukaa ndani ya asilimia 5 hivi juu au chini ya sifuri. Ukiona kompyuta inaongeza asilimia 15 au 20 gari likiwa limesimama, kisha nyongeza hiyo inashuka kuelekea sifuri ukishikilia mizunguko 2,500 kwa dakika, tundu liko sehemu ya tatu: gasketi ya throtoli, kimpira cha mvuto kilichosahaulika, au kifuniko cha raba kilichokauka kwenye manifoldi. Nyongeza ikibaki ileile katika mwendo wote, tafuta kati ya sensa na turbo. Kodi ya P0171, ambayo maana yake ni mafuta haba, hutokea katika hali zote mbili, ndiyo maana kodi peke yake haitoshi.

Nyongeza isiyobadilika ina chanzo kingine ambacho si tundu, nacho nitakieleza kwa kirefu kwa sababu kimeua injini nyingi. Sensa ya hewa hupima kasi ya hewa inayopita kwenye waya wake mdogo wenye joto, halafu kompyuta huzidisha kasi hiyo kwa upana wa bomba linalojulikana. Ukiitoa sensa kwenye nyumba yake ya kiwandani yenye kipenyo cha milimita 70 na kuipachika kwenye bomba la milimita 80, upana wa njia umeongezeka kwa takriban asilimia 31, hewa inapita polepole zaidi, na sensa itaripoti karibu asilimia 23 pungufu ya hewa halisi. Gari likienda taratibu, sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi hugundua upungufu na kompyuta huufidia, ingawa upungufu huo uko karibu na ukomo wa uwezo wake. Mwenye gari haoni chochote, pengine anafurahi kwamba matumizi ya petroli yamepungua. Lakini akikanyaga mafuta hadi mwisho, magari mengi huacha kuisikiliza sensa ya oksijeni na kufuata hesabu ya sensa ya hewa na jedwali lililomo kwenye kompyuta. Hapo ndipo turbo inaposhindilia hewa ya moto kwenye silinda isiyo na mafuta ya kutosha, injini inagonga, yaani mchanganyiko unalipuka ovyo nje ya mpangilio wa cheche, na pistoni inatoboka. Bomba pana si kosa kwa lenyewe. Kosa ni kulifunga bila kuirekebisha kompyuta kwa mtu anayejua kazi hiyo, na kama mtu huyo hayupo karibu, rudisha sensa kwenye nyumba yake ya asili na ubadilishe bomba kuanzia hapo kuelekea kwenye turbo.

Angalia pia mshale uliochorwa kwenye sensa: unapaswa kuelekea kwenye injini. Angalia kama kona kali iko mara tu kabla ya sensa, kwa kuwa hewa iliyopinda hukimbilia upande mmoja wa bomba na waya unasoma mchezo wa upepo badala ya kiasi cha hewa. Bomba lililonyooka kabla ya sensa, hata kama ni refu kidogo kuliko ulivyopenda, hutuliza masomo. Mwenye kutumia filta ya pamba inayotiwa mafuta na asiipake kwa ukarimu, kwa sababu mafuta ya ziada huruka na kukauka kwenye waya. Waya huo husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, si kwa kitambaa wala kidole, na huachwa ukauke kabisa kabla ya kuwasha.

Sababu nyingine ya kuzimika ni vali ya kupumulia. Vali hii hufunguka unapoachia mafuta ghafla ili hewa iliyoshindiliwa isirudi kuipiga feni ya turbo. Kiwandani huirudisha hewa hiyo kwenye bomba kati ya sensa na turbo, kwa sababu imekwisha kuhesabiwa. Vijana wengi huibadilisha kwa ile inayotema hewa nje kwa sababu wanaupenda mlio wake. Katika gari la sensa ya hewa, kila mlio ni hewa iliyolipiwa mafuta na kutupwa, hivyo injini huzama kwenye petroli kwa muda mfupi, inakohoa, na ikiwa dereva anasimama kwenye makutano inazimika. Dawa ni kurudisha vali ya kurudishia hewa, au kuunganisha mpira kutoka kwenye vali hiyo mpya hadi kwenye bomba la kuingilia turbo kama ina mdomo wa kufanyia hivyo. Gari la sensa ya shinikizo halina tatizo hili.

Moshi mweusi na nguvu kupotea turbo inaposukuma

Msimu wa kusi uliopita, mwalimu mstaafu wa upande wa Mambrui alileta gari la familia lenye turbo ambalo alilinunua likiwa tayari limebadilishwa bomba. Lilinguruma vizuri likiwa limesimama. Akivuka daraja la Sabaki na kukanyaga mafuta ili alipite lori, nyuma palikuwa peusi na gari lilikuwa zito. Alikuwa ameshaambiwa mahali pengine kwamba turbo imekwisha.

"Mwanangu," aliniambia, "niambie ukweli kabla sijagusa ada ya wajukuu."

"Mwalimu, tuipe nusu saa ya hewa na sabuni kwanza," nilimjibu.

Tuliziba mdomo wa turbo kwa kifuniko chenye vali ya tairi, tukaunganisha kompresa, tukapandisha shinikizo polepole. Kwenye PSI 5 kimya. Kwenye PSI 8 ilisikika pumzi nyembamba, kama mtu anayevuta hewa kwa meno, lakini viungo vyote vya juu vilikuwa vikavu bila povu. Nilipitisha mkono chini ya kona ya silikoni inayoingia kwenye throtoli, mahali ambapo jicho halifiki, nikahisi ubaridi kwenye kiganja. Kona ile ilikuwa ikisugua ncha ya kishikio cha chuma kila injini inapotikisika, na tumboni mwake palikuwa na mpasuko mfupi ambao ulijifunga kabisa tulipoitoa hewa. Ukiushika mkononi ungesema mpira ni mzima. Ulifumbua mdomo pale tu uliposukumwa. Tulibadilisha kona, tukapiga tupa ncha ya kishikio ikawa butu, na turbo ile ile ndiyo iliyomo hadi leo.

Kisa hicho ni mfano halisi wa tundu la sehemu ya pili. Dalili zake ni hizi: gari zuri likisimama, marekebisho ya mafuta ya kawaida likiwa halina mzigo, shinikizo la turbo kuchelewa au kutofika kiwango chake, pengine kodi ya P0299 ya shinikizo pungufu, plagi nyeusi zenye masizi makavu, na mara nyingi sauti ya kuvuja inayopanda pamoja na mizunguko ya injini. Usiendelee kuliendesha kwa kuwa eti linatembea. Turbo inayojaribu kufikia shinikizo kupitia bomba linalovuja huzunguka kwa kasi kubwa kuliko ilivyokusudiwa, na hapo ndipo turbo iliyokuwa nzima inapoanza kuchoka kweli.

Magari ya dizeli, ambayo ni mengi kati ya pikapu na matatu za hapa, hutoa dalili hiyohiyo ya moshi mweusi na uzito, na kipimo cha hewa na sabuni ni kilekile.

Kama bomba lililochomoka kabisa ndilo tatizo, usikaze tu klipu kwa nguvu zaidi. Tazama mwisho wa bomba la alumini: unapaswa kuwa na ukingo ulioinuka kidogo wa kuzuia mpira usiteleze. Bomba lililokatwa kwa msumeno na kuachwa laini litachomoka kila mara, hasa oili ikiingia kati yake na silikoni. Futa pande zote mbili kwa spiriti, mwombe fundi wa kuchomelea aweke ukingo, kisha tumia klipu pana ya bolti badala ya ile nyembamba ya kukaza kwa bisibisi, ambayo meno yake hula silikoni laini.

Linakwenda vizuri chini, linakabwa juu

Gari likivuta vizuri hadi mizunguko 4,000 kisha likahisi kama mtu amelishika koo, bila moshi mwingi wala sauti ya kuvuja, shuku mpira unaojifinya. Sehemu ya kwanza ina mvuto, na mpira laini usio na waya ndani yake hubonyea turbo inapodai hewa nyingi. Ukiuangalia gari likiwa limezimwa ni mviringo kamili. Mwenzako akikanyaga mafuta gari likiwa limesimama, wakati mwingine utauona ukinyong'onyea kwenye kona. Lakini bila mzigo turbo haivuti kwa nguvu zake zote, hivyo kutouona hakumwondolei lawama.

Wanaotumia mpira wa radieta kwa kazi hii wana tatizo la ziada. Mpira wa aina hiyo hutengenezwa uvumilie maji ya moto, si oili, na bomba la kuingilia turbo daima hupokea ukungu wa oili kutoka kwenye mpira wa pumzi ya injini, ule unaotoa gesi zinazojaa chini ya pistoni. Baada ya miezi unavimba, unalainika kama embe lililoiva mno, na ndipo unapoanza kubonyea. Ukiminya na kidole kikaacha alama, uondoe siku hiyohiyo, kwa sababu kipande kikimeguka kitakwenda moja kwa moja kwenye feni ya turbo.

Bomba la plastiki la maji nalo nimelikuta mara kadhaa, hata upande wa baada ya turbo. Plastiki ya kawaida ya mabomba huanza kulainika karibu na nyuzi 80 za Selsiasi. Kwa hesabu ya kawaida, turbo yenye ufanisi wa asilimia 70 ikichukua hewa ya nyuzi 30 na kuishindilia hadi mara mbili ya shinikizo la nje huitoa ikiwa na joto la takriban nyuzi 125. Hakuna mjadala hapo.

Nguvu hushuka adhuhuri, hurudi usiku

Hesabu hiyohiyo inaeleza malalamiko haya. Filta ya duara iliyowekwa wazi chini ya boneti hunywa hewa iliyokwisha kupitia radieta. Ikiwa hewa hiyo ni ya nyuzi 50 badala ya 30, itatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 150 hivi badala ya 125. Yaani kila nyuzi 10 unazoongeza mlangoni huwa 13 upande wa pili. Intakula hupunguza joto hilo, lakini katika msongamano wa barabara ya sokoni saa saba mchana, bila upepo wa mwendo, nayo huwa imeloa joto. Kompyuta ikisikia injini inagonga hurudisha nyuma muda wa cheche na nguvu hupotea. Dawa si bomba kubwa zaidi bali ukuta wa bati unaotenganisha filta na injini, pamoja na njia ya hewa inayotoka nje ya boneti. Sanduku la filta la kiwandani, ambalo wengi hulitupa, kwa kawaida hufanya kazi hii vizuri kuliko filta ya wazi, nami kwa gari la kila siku hulitetea.

Hakikisha pia kwamba kipima joto la hewa kimehamishwa na kuunganishwa. Katika magari mengi kimo ndani ya nyumba ya sensa ya hewa, lakini katika mengine kinasimama peke yake na husahaulika kikining'inia; kodi ya P0113 ndiyo ishara yake.

Neno moja kwa wanaoleta magari kutoka Nairobi. Kule juu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, shinikizo la hewa ni karibu moja ya tano chini ya la huku usawa wa bahari. Turbo iliyopangwa isukume bar 1 juu ya shinikizo la nje itaipa injini kiasi cha asilimia 10 ya hewa zaidi ikifika Malindi. Joto la pwani hupunguza sehemu ya nyongeza hiyo lakini haliimalizi. Gari ambalo bomba na mafuta yake vilipangwa huko juu bila akiba huenda likakata mafuta ghafla au likaanza kugonga likishuka huku, na mwenyewe akadhani petroli ya pwani ni mbovu.

Mlio wa kupepea na oili isiyo mahali pake

Mlio wa "tu-tu-tu-tu" unapoachia mafuta ni hewa inayorudi nyuma kupitia feni ya turbo kwa sababu vali ya kupumulia imeondolewa, imekwama au mpira wake mdogo wa mvuto umekatika. Hewa hiyo ikifika kwenye sensa huhesabiwa mara ya pili, na mafuta yanaongezwa bila sababu. Wapo wanaoupenda mlio huo. Mimi siwezi kuupenda nikifikiria beringi za turbo zinavyosukumwa huku na huku.

Oili ikianza kuvuja kwenye sili, kijiti cha kupimia oili kikajisukuma juu, au moshi wa bluu ukatokea mara tu baada ya kubadilisha bomba, kagua mpira wa pumzi ya injini. Gesi zinazopenya kando ya pistoni lazima zitoke, na bomba la kiwandani lina mdomo wa kuzipokea. Bomba jipya lisilo na mdomo huo huwashawishi mafundi kuziba mpira kwa bolti. Shinikizo likijaa chini ya pistoni hutafuta njia lenyewe, na oili ya turbo nayo hushindwa kurudi chini, ikapenya kwenye upande wa moshi. Ukiuacha mpira wazi bila kuuziba, katika gari la sensa ya hewa huenda ukaruhusu hewa isiyohesabiwa iingie kwenye injini. Basi chomelea mdomo kwenye bomba, wa kipenyo kilekile cha mpira.

Kufanya kipimo cha hewa

Usisukume hewa kupitia sensa. Iondoe na uzibe bomba mdomoni mwa turbo au baada ya sensa. Ziba mpira wa pumzi ya injini ili shinikizo lisiingie kwenye sili za oili. Kompresa ya fundi wa pancha inatosha, mradi iwe na regulata, kwa kuwa tangi lake lina shinikizo linaloweza kurusha kifuniko na kumjeruhi mtu usoni. Simama pembeni. Anza na PSI 3, sikiliza, panda polepole, na usizidi shinikizo ambalo turbo hiyo hutoa kwa kawaida. Puliza maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kwenye mishono ya kuchomelea, kwenye kona za intakula na kwenye shina la vali ya kupumulia. Hewa itasikika pia ikitoka kwenye ekzosi au kwenye mdomo wa oili. Hiyo ni ya kawaida, kwa sababu silinda fulani itakuwa na vali iliyo wazi. Katika injini nyingi za Subaru za familia ya EJ zenye turbo, mpira wa kuingilia turbo hupita chini ya manifoldi, mahali ambapo povu halionekani. Tumia kioo kidogo na tochi, au bomba jembamba la kusikilizia sikioni.

Baada ya kutengeneza, futa marekebisho yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta, kwa sababu yalijifunza tundu ambalo sasa halipo, kisha liendeshe gari taratibu hadi Gede na kurudi kabla ya kudai nguvu zote.

Chumvi, vumbi na maji

Klipu inayodumu mwaka mzima bara huweza kuoza hapa kwa msimu mmoja. Tazama parafujo hasa, si mkanda, kwa maana klipu nyingi zina mkanda usioshika kutu lakini parafujo ya chuma cha kawaida kilichopakwa tu. Ikishika kutu huhisi imekaza mkononi ilhali mkanda umelegea.

Wanaokwenda Marafa, Langobaya au lango la Sala na wapake grisi nyembamba ndani ya bomba baada ya filta, wafanye safari, kisha wapitishe kidole. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, filta haizibi kwenye mdomo wake au kuna tundu kabla ya turbo, na chembe hizo zinakwangua mapezi ya feni na ukuta wa silinda kila dakika. Feni yenye mapezi yaliyolika ncha haitibiki kwa bomba jipya.

Filta iliyoshushwa nyuma ya bampa au ndani ya madigadi hupata hewa baridi, lakini masika ya Aprili na Mei barabara zetu hujaa maji hadi hapo. Gari likizimika ndani ya maji usilipige stata hata mara moja. Maji hayashindiliki, na pistoni inapoyakuta, konrodi, yaani mkono wa chuma unaoisukuma, hupinda. Livute nje, toa plagi zote, zungusha injini maji yatoke, kausha bomba na intakula, kagua oili kama imegeuka rangi ya maziwa, ndipo ufikirie kuiwasha. Mwenye filta ya namna hiyo na airudishe juu kabla mvua haijaanza, na asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, akaze tena kila klipu aliyoifungua, kwa kuwa silikoni hujikunja baada ya joto la kwanza na klipu hulegea nusu mzunguko.